Mimi, Mega na Gesi ya Pasaka

Jumatatu, 3 Machi 2025. Mukendo, Musoma.

Leo nimetangaza vita. Naandika mapema, ili siku watu watakapouliza ilianzaje, jibu liwepo na liwe la kwangu.

Asubuhi nilikuwa chini ya friza la muuza soda. Gaudensia, mke wangu, akaja kibandani na uso wa msiba. Akaniambia akina mama wauza samaki kule kwao, kwenye rasi, wamepata chumba cha baridi. Kipya! Kinafunguliwa Jumamosi, Siku ya Wanawake, na siku hiyohiyo wanachagua fundi wa kukitunza. Kwaresima inaanza keshokutwa. Mkoa mzima utataka samaki kila Ijumaa. Fundi wa chumba kile atasalimiwa hadi na wasiomjua.

Na mwenyekiti wa akina mama ni nani? Mama Getruda. Mama mkwe wangu!

Mtu mwingine angecheka kwa furaha. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna ile kesi. Mwaka jana, wiki ya Pasaka, nilitengeneza friza kubwa la kikundi hichohicho. Nikajaza gesi ya kupozea. Likawaka, likagandisha, nikapigiwa vigelegele. Alhamisi Kuu mota ya kompresa ikaungua. Sangara wa Ijumaa Kuu wakaozea ndani, na mbwa wa vijiji vyote vya rasi wakahudhuria. Tangu siku ile Gaudensia hajakanyaga kwao. Yeye ndiye aliyewaambia wamwite mume wake.

Nilisema wakati ule na nasema tena: gesi ilikuwa feki! Mikono yangu haina kosa. Lakini Rhobi alizunguka kila mahali akisema sikuvuta hewa kwa pampu kabla ya kujaza, kwamba unyevu ulibaki ndani ukala mota. Rhobi! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana! Sasa ana karakana yake, ana pikipiki, ana gambuti nyekundu, na ana mdomo. Pampu ya kuvuta hewa ni chombo cha waoga. Mimi nafungua gesi kidogo, inaisukuma hewa nje, fyuu, basi. Nimefanya hivyo miaka yote na bado niko hai.

Gaudensia hakugomba. Alisema tu kwamba Jumamosi atakwenda nami, na kama sitasafisha jina letu, Pasaka hii pia ataila Musoma, na mama yake anazeeka. Kisha akaondoka. Iliniuma, siwezi kudanganya. Nilishika koleo muda mrefu bila kazi.

Ndipo nikakumbuka mtungi. Ule wa Pasaka! Umebaki na gesi nusu, uko nyuma ya kibanda chini ya mabati. Kielelezo! Nitathibitisha mbele ya mama mkwe kwamba gesi ile ilikuwa mbaya.

Hesabu zangu ni hizi. Mota ya kompresa hukaa ndani ya gesi kama kuku ndani ya mchuzi. Gesi ikiwa majimaji, ile nzuri inagoma kupitisha umeme. Kugoma huko mafundi tunakuita ukinzani. Gesi mbaya haina ukinzani: umeme unavuja ndani yake, mota inakufa. Kwa hiyo kupima gesi ni kupima ukinzani wake, basi. Kwetu Butiama muuza maziwa akitia maji anakamatwa, kwa sababu maziwa yanapimwa. Kwa nini muuza gesi awe salama?

Wataniita Profesa. Nitakataa kidogo, kisha nitakubali.

Jumanne, 4 Machi. Bunda.

Chombo kimekamilika! Ni silinda ya kioo kinene, niliachiwa na mwalimu wangu wa ufundi alipostaafu. Kifuniko nimekichonga kutoka ubao mweupe wa plastiki, ule wa buchani wa kukatia nyama. (Mwenye bucha bado anautafuta. Sayansi ina gharama zake.) Kwenye kifuniko nimepitisha bolti mbili za shaba, zinaning'inia ndani bila kugusana. Gesi inaingia kwa chini, inajaa ikiwa majimaji, bolti zinazama. Unashika bolti kwa waya za mita yangu ya kupimia umeme, unasoma. Kitu cha akili sana. Nilikitazama wakati wa chai mpaka chai ikapoa.

Nikakiweka kwenye mkoba pamoja na mtungi wa Pasaka, nikapanda basi la Bunda. Kwa nini Bunda? Kwa sababu ndiko iliko duka la Ngusa aliyeniuzia gesi ile. Mwizi hukamatwa kwake.

Duka lilikuwa limejaa. Vizuri. Nikaweka chombo juu ya kaunta, nikajaza gesi ya Pasaka, nikashika bolti. Mita ikaandika 1. Moja! Om moja! Hata waya mbovu una zaidi ya hapo. Nikapaza sauti kwamba Ngusa anauza gesi inayopitisha umeme kama msumari. Kwa hasira nikapima na mtungi mpya wa kwenye rafu yake. Moja! Mwingine. Moja! Wateja wakaanza kurudisha mitungi chini. Mama mmoja akadai friji yake imekuwa ikimpiga shoti tangu Krismasi.

Nikampigia simu Bernado asikie ushindi. Bernado ni fundi umeme, jirani yangu pale Mukendo, mtu wa polepole. Akaniuliza hiyo moja imekaa wapi kwenye kioo cha mita. Nikamwambia imekaa pembeni kushoto, peke yake. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema moja ya pembeni si om moja. Ni mita inaungama kwamba imeshindwa, ukinzani ni mkubwa kuliko uwezo wake wa kuhesabu.

Kosa langu lilikuwa kuweka simu kwenye spika.

Ngusa hakunipiga. Naliandika hili kwa sababu Bunda watasema alinipiga. Alinisindikiza kwa ufagio tu, na ufagio haukunigusa zaidi ya mgongoni. Alisema nisirudi mpaka nijifunze kusoma.

Sawa. Lakini tazama: mita imeshindwa, mimi sijashindwa! Bernado mwenyewe amesema kazi hii inataka mega. Mega ni mashine ya mafundi umeme ya kupima kama waya zinavuja. Unazungusha mkono wake, inasukuma umeme wa nguvu, mshale unakwenda. Mshale ukilala kwenye sifuri, umeme unavuja, kitu ni kibovu. Ukifika mwisho kabisa, penye alama kama nane iliyolala, hakuna kinachopita. Kitu ni kizima.

Kesho naazima mega. Ngusa atauweka chini ufagio wake mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu. Mukendo, halafu Butiama.

Misa ya asubuhi. Nimepakwa majivu. Padri alisema tumkumbuke Muumba wetu na tuache majivuno. Nilimtazama Rhobi, alikuwa benchi la tatu. Natumaini alisikia.

Baada ya misa nikamshika Bernado mlangoni. Anaipenda mega yake kuliko watu. Alikubali kwa sharti kwamba Jumamosi aje nayo mwenyewe, na leo niitumie mbele ya macho yake. Tukaenda kibandani. Nikajaza gesi ya Pasaka. Bernado akazungusha. Mshale ukaondoka kwenye sifuri, ukapanda, ukapanda, ukaenda kulala kwenye nane.

Nikamwambia azungushe tena. Nane. Nikamwambia azungushe kwa nguvu kama mwanaume. Nane!

Bernado akasema gesi ni nzuri kabisa. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Kama gesi ni nzuri, basi kilichoua mota ni… Hapana. Nilikaa juu ya kompresa ya zamani. Nikamfikiria Gaudensia anapika ugali wa Pasaka peke yake tena. Kwa dakika chache nilikuwa mtu mbaya sana, mtu asiye na imani.

Kisha nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya Bernado. Majivu kwenye paji la uso! Na akili ikafunguka kama mlango uliopigwa teke.

Chombo kichafu! Kilikuwa cha mzee wa watu miaka mingi, na kifuniko kilikuwa ubao wa nyama. Chombo kichafu kinaharibu maziwa na pia kinasema uongo. Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Mama anachoma kijiti cha mti maalumu, kikiwa mkaa mwekundu anakiingiza kibuyuni, anasugua ndani pande zote, anakung'uta unga mweusi. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki, na yananukia vizuri hadi mgeni anaomba tena. Tangu babu zetu! Hakuna kitu kinachosafisha kama mkaa.

Nikapanda gari la Butiama muda huohuo.

Mama alifurahi kuniona, akadhani nimeleta sukari. Nilipomweleza akakigeuza chombo mikononi, akauliza ng'ombe gani huyu mwenye bolti. Akasema vijiti vyake ni vya maziwa, hajawahi kusikia friji inanyonya. Lakini mama ni mama. Alinichagulia kijiti kizuri, akaniacha nifanye mwenyewe kwa sababu alisema hataki dhambi ya Kwaresima.

Nilikichoma. Nikaacha kipoe kidogo kisiyeyushe plastiki. Unaona? Napangaga mambo yangu. Nikasugua ndani ya kioo. Nikasugua kifuniko kwa chini, katikati ya bolti na bolti, kwa bidii ya pekee, maana hapo ndipo mafuta ya nyama hujificha. Kikawa cheusi, kinang'aa, kinanukia kama jikoni kwa mama nikiwa mtoto. Nilitaka kulia. Nikanywa maziwa badala yake.

Alhamisi, 6 Machi. Mukendo.

SIFURI!

Gesi ya Pasaka imepata sifuri! Bernado alizungusha, mshale haukutikisika hata kidogo. Umelala pale kwenye sifuri kama mlevi wa Jumapili. Feki! Feki kama nilivyosema! Nilimkumbatia Bernado. Akasema jana ilisoma nane na anashangaa. Nikamwambia jana chombo kilikuwa na dhambi, leo kimetubu. Akakuna kichwa. Akauliza kwa nini tusijaribu na gesi yangu mpya, ile niliyonunua kwa ajili ya Jumamosi. Nikakataa. Ya nini kupima ninachokijua?

Mchana nikapita karakana kwa Rhobi. Nilimkuta anavuta hewa kwa pampu kutoka friji dogo la mtu. Inanguruma saa nzima kwa kazi ambayo mimi naifanya kwa fyuu. Nikamwambia Jumamosi aje na gesi yake, tupime hadharani mbele ya akina mama, na ukweli uchague fundi. Nilitegemea aogope. Akasema anakuja kwa furaha, alikuwaga anatafuta sababu ya kula samaki wa kule. Akaniuliza kama nimenunua pampu. Nikamwambia nimenunua heshima. Akasema heshima haitoi unyevu.

Mdomo!

Jioni nilimweleza Gaudensia. Alisikiliza amesimama, mwiko mkononi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mashine haina undugu, haina wivu, inasema kweli tu. Akafua kitenge chake kizuri, akakianika. Na alikuwa anaimba! Huyu mwanamke hajaimba tangu sangara wale. Nilijifanya natafuta spana ili nisimame karibu nimsikilize.

Ijumaa, 7 Machi. Mukendo.

Siku ya mazoezi. Kuna jambo moja gumu. Kwa desturi yetu mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, hatusemezani ana kwa ana, wala sikai kivuli kimoja naye. Tangu nioe nimeona upindo wa khanga yake tu. Wengine siku hizi wanapuuza. Mimi sipuuzi. Mtu aliyeozesha samaki za watu hawezi kuongeza na utovu wa adabu.

Sasa nitaonyeshaje sayansi kwa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Nimepata dawa. Meza itakuwa upande wao. Mimi nitasimama nimewapa mgongo, nitazame ziwa, niongee kwa sauti. Bernado atazungusha mega. Na anayesoma mshale? Rhobi! Ndiyo! Adui asome hukumu yake kwa mdomo wake. Mpango huu ni mzuri mpaka natamani niwe mtazamaji.

Nimefanya mazoezi mbele ya ukuta. Gaudensia alipita akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na historia. Akasema historia ikijibu niikumbushe kununua mafuta ya taa.

Jumamosi, 8 Machi. Siku ya Wanawake. Ukweni, kwenye rasi.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Gari la kurudi Musoma bado. Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea. Wao watakisimulia kwa namna yao.

Tulifika saa nne. Vitenge vya sare, ngoma, harufu ya dagaa. Gaudensia alipokelewa baridi. Shangazi zake walimpa ncha za vidole. Alinisogelea akaninong'oneza: sasa ndiyo siku. Nikamwambia asubiri kidogo tu.

Meza ikawekwa mbele ya mlango wa chumba cha baridi. Nikasimama nimelitazama ziwa. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, nilisikia bangili zake. Akasema: "Bernado, mwambie mkwe aanze." Bernado akaniambia nianze, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikahutubia ziwa. Nikaeleza kuku na mchuzi, nikaeleza nane na sifuri. Nikasema leo umeme wenyewe utatoa ushahidi.

Kwanza gesi ya Pasaka. Bernado akajaza, akazungusha. Nikamwambia Rhobi asome.

"Sifuri," Rhobi akasema.

Umati ukaguna. Aaa! Nikamsikia mama mmoja akisema kumbe fundi alionewa. Nikamsikia Gaudensia akivuta pumzi. Dakika ile ilikuwa tamu kuliko siku ya harusi yangu, na siku ya harusi tulichinja dume.

Nikasema sasa ipimwe gesi ya Rhobi.

"Sifuri," Rhobi akasema. Sauti yake haikuwa na furaha.

Sifuri! Na yeye ni feki! Nikawaambia mnaona, mlitaka kumkabidhi huyu samaki wenu! Nikarusha mikono kuelekea ziwani, furukombe mmoja akaruka. Nikaamuru ipimwe gesi yangu mpya, ili waone nane kwa macho yao, nane iliyolala, nane ya uaminifu.

Bernado akazungusha.

Nikasema soma. Kimya. Nikasema soma, usione wivu!

"Sifuri, Fundi."

Nikasema anadanganya. Nilisema hivyo, siwezi kuficha, nimewapa mgongo watu wote. Nikamwita Bernado athibitishe. Bernado akasema kwa upole wake ule kwamba ni sifuri kweli. Nikasema basi na mimi nimeuziwa feki, na mkoa mzima umeuziwa feki, mimi ndiye wa kwanza kugundua, waandishi waitwe!

Hapo bangili zikalia. Mama mkwe alikuwa amesimama. Na hakumwambia Bernado. Alisema na mimi. Moja kwa moja, mbele ya watu, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake:

"Baba Kwangu. Sisi tukipima samaki, tunapimaga kwanza karai tupu. Wewe karai lako umelipima?"

Kwangu ni mtoto wetu wa kwanza. Kuitwa hivyo na mama mkwe, kwa mdomo wake!

Bernado akamwaga gesi yote. Akakipangusa chombo nje, akakifunga kitupu, akazungusha.

"Sifuri," Rhobi akasema. "Hewa nayo ni feki."

Sitaandika jinsi walivyocheka. Mama mmoja alikaa chini. Ngoma ilipigwa, sijui na nani. Rhobi akafungua kifuniko, akapitisha kidole kwa chini, akaonyesha watu kidole cheusi. Akauliza hiki ni nini. Nikajibu kwa heshima zangu zote, nikilitazama ziwa, kwamba ni usafi. Kwamba kimesafishwa kwa kijiti cha mkaa kama kibuyu cha maziwa. Rhobi akaomba tochi ya mtu, akatoa betri kuukuu, akaivunja kwa jiwe, akachomoa ule mkaa mweusi wa katikati, akasema huu waliuweka humo kwa sababu unapitisha umeme, na mimi nimepaka wangu kutoka bolti hadi bolti nimejenga daraja.

Nikamwambia mkaa wa betri ni wa kiwandani. Wangu ni wa mti. Aliomba spiriti tu. Watu wenye wivu hawanaga hoja.

Ningeondoka wakati ule nikiwa na nusu ya heshima. Lakini Rhobi alikisugua chombo kwa spiriti na kitambaa, akakianika juani mpaka kikakauka. Akapima kitupu. Nane. Akaweka gesi yake. Nane. Akaweka yangu mpya. Nane. Nikaanza kupumua. Ndipo mama mkwe akasema, safari hii akipitia kwa Bernado: "Mwambie mkwe, sasa iwekwe ile ya Pasaka."

Nilijua.

"Nane," Rhobi akasema. Alisema taratibu, na hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Gesi ilikuwa nzuri. Chombo nilichokitengeneza mimi, mega niliyoitafuta mimi, msomaji niliyemchagua mimi, mbele ya watu niliowaita mimi. Nikageuka. Nilivunja desturi, nikageuka. Sikumtazama mama mkwe. Nilimtazama Gaudensia. Alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kitenge kile alichokifua akiimba. Hakuna kitu kimewahi kuniuma hivyo, hata ufagio wa Ngusa.

Mama mkwe akatoa hukumu. Bernado, mwambie mkwe kwamba gesi imesema. Mwambie kazi ya chumba ni ya Rhobi. Mwambie alete mbuzi, kwa sababu amenilazimisha kumsemesha hadharani. Kisha sauti ikabadilika. Akasema wanakikundi walimwonea binti yake mwaka mzima kwa kosa la mikono ya mtu mwingine, na ufunguo wa chumba cha baridi utakaa kwake, kuanzia leo, kama yeye anataka.

Gaudensia akafunua uso. Akasema anataka.

Vigelegele vilifika ng'ambo. Shangazi walewale wa ncha za vidole walimbeba juu juu. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nilipiga makofi. Nilikuwa nyuma ya mitumbwi, hakuna aliyeniona, lakini nilipiga.

Gari linakuja. Gaudensia amebaki.

Jumapili, 9 Machi. Mukendo.

Nyumba kimya. Nimejipikia dagaa, wakaungua upande mmoja. Nimeula upande mwingine.

Nimetafakari kwa kina, kama padri alivyotuagiza. Gaudensia amesema kwenye simu atakaa kwao Kwaresima nzima, kazi ya ufunguo ni nyingi. Sauti yake ni ya mtu aliyelala vizuri. Naelewa. Amebaki kulinda maslahi yangu pale ndani. Mwanamke mwerevu sana. Nilimuuliza kama amenikasirikia. Akasema nyani haoni kundule, halafu akaniuliza kama nimekula. Hilo la pili nimelishika.

Baada ya misa, mwenye grosari ya jirani akaniita. Friza lake halipoi, bia zinachemka. Nikaenda mbio. Wapo wanaonithamini! Nikakata bomba, nikalichomelea upya, nikajaza gesi yangu mpya ambayo hata Rhobi mwenyewe kaisomea nane. Bernado alipita akauliza kama sitaazima pampu kwa Rhobi nivute hewa kwanza. Nilimtazama mpaka akaondoka. Fyuu, basi. Friza likawaka, likaanza kugandisha pale pale. Mwenye grosari akanipa mkono kwa mikono yote miwili.

Hivi ndivyo mtu anavyoinuka.

Jumatatu, 10 Machi. Mukendo.

Nimegundua kosa. Nimeligundua peke yangu, asubuhi, kabla ya chai.

Rhobi alikiharibu chombo! Kwa spiriti! Kilikuwa kimesafika kwa njia ya babu zetu, kinasema kweli, yeye akakiosha kikarudi kusema uongo. Na kile kitupu kilichosoma sifuri? Hakikuwa kitupu. Harufu ya gesi feki ilikuwa imebaki ndani. Hata mtoto anaelewa. Tatizo langu lilikuwa moja: nilisugua kwa kijiti kimoja tu. Kibuyu kipya husuguliwa mara nyingi mpaka kikomae.

Kwa hiyo mpango ni huu. Mbuzi wa mama mkwe namchukua kwa mama, Butiama. Hukohuko nabeba fungu zima la vijiti. Nasugua ndani na nje. Halafu nakwenda rasini na mbuzi mkono huu, chombo mkono huu, na safari hii nasoma mshale mwenyewe, nitembee kinyumenyume ikibidi. Gaudensia atafungua mlango. Ana ufunguo!

Simu inalia. Ni mwenye grosari. Anasema friza limezima ghafla, kompresa inanuka kuungua, na wateja wamefika.

Nimemwambia atulie, asiguse kitu, wala asimwite Rhobi. Gesi hiyo ni feki. Naja na chombo kuthibitisha.